Mvua Inyeshe, Njia Iamuliwe na Udongo: Hotuba kwa Waendesha Baiskeli wa Malindi Kabla ya Masika

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu, mama zetu, vijana wa baiskeli kutoka mjini, Ganda, Mambrui hadi Gede, karibuni na ahsanteni kwa kuja.

Tumeombwa tuzungumzie safari ndefu ya baiskeli ya milimani pale mvua inapoivuruga: njia mliyoipanga haipitiki, saa zinakwenda, na kundi zima linangoja mtu aseme neno. Tutachukua mfano mmoja ambao wengi hapa wanaujua kwa miguu yao. Mnatoka Malindi mjini, mnavuka daraja la Sabaki, mnapanda Magarini hadi Marafa kwenye yale makorongo ya Nyari, kisha mnarudi kwa upande wa bahari kupitia Mambrui. Ni mzunguko wa kilomita 80 hadi 90, kutegemea vijia mtakavyokata. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, shida yake ni jua na mchanga mkavu. Masika yakishaingia, mzunguko huohuo unakuwa kitu kingine kabisa.

Watu wengi huuliza, "Mvua imenyesha, twende au tusiende?" Swali hilo halina jibu mpaka ujue imenyesha juu ya udongo gani. Mvua ya usiku kucha inaweza kukufungulia kijia cha mchanga kilichokushinda wiki iliyopita, na ikakufungia kilomita 3 za udongo mweusi ambazo jana ulizipita ukipiga mluzi. Ndiyo maana sisi tunasema: kabla ya kutazama mawingu, jifunze ardhi unayoikanyaga.

Hapa kwetu ardhi imepangwa kwa mistari inayofuata pwani. Kando ya bahari kuna mchanga mweupe, na chini yake mwamba wa matumbawe unaojitokeza hapa na pale. Ukiingia bara kidogo unaanza ule ukanda wa mchanga mwekundu wa Magarini, wenye vilima. Ukiuvuka huo unakuta udongo mzito wa mfinyanzi, na kando ya Sabaki kuna tope laini lililoletwa na mto katika mafuriko ya miaka mingi. Kila mstari una tabia yake mvua ikinyesha.

Mchanga ukiwa mkavu chembe zake zinateleza zenyewe kwa zenyewe, tairi linazama na usukani unakwenda unakotaka wenyewe. Ukilowa kiasi, maji kidogo yaliyo katikati ya chembe yanazishikanisha, na unapata njia ngumu inayobeba baiskeli vizuri. Hali hiyo hudumu saa kadhaa baada ya mvua kukatika, na chini ya kivuli hudumu zaidi. Mchanga unaharibika tu maji yakijaa mpaka yakatuama juu, hapo unayumba chini ya gurudumu na inabidi ushuke.

Mfinyanzi una mambo mengine. Mvua ikiwa kubwa na tope likiwa jepesi kama uji, utateleza lakini gurudumu litaendelea kuzunguka. Hatari yenyewe ni saa chache baadaye, jua likishatoka na tope likaanza kukauka. Hapo ndipo linapokuwa gundi. Linashika mpira, linaokota majani na changarawe, linapanda hadi kwenye uma wa mbele, na baada ya mita 50 gurudumu halizunguki tena. Kwa hiyo yule anayesema "tungoje kidogo likauke" anawangojesha watu mpaka ubaya wenyewe ufike. Mfinyanzi ulioloa sana unataka siku moja au mbili za jua kali. Kungoja saa mbili chini ya mwembe hakusaidii.

Sasa, utajuaje mbele kuna udongo gani? Shuka, chota konzi moja, uukande, kisha uuviringishe kati ya viganja viwili kama unatengeneza uzi. Ukikatika na kumong'onyoka kabla haujawa mwembamba kama penseli, huo una mchanga wa kutosha, endelea. Ukitoa uzi mrefu unaokunjika bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Kisha tembea hatua 20 na viatu vyako. Nyayo zikianza kunenepa, tairi litanenepa haraka kuliko hizo, kwa sababu lina meno mengi zaidi ya kushikia tope. Jaribio hili linachukua dakika 2, na limeokoa gia nyingi kuliko ujuzi wowote wa kuendesha.

Njia nyingine ni kuuliza watu, ila kuna namna ya kuuliza. Ukimkuta mzee barabarani, ukamwamkia, kisha ukamwuliza, "Njia hii inapitika?", kwa heshima na kwa kutotaka kukuvunja moyo atakwambia, "Inapitika, mwanangu." Hajakudanganya: kwa miguu yake inapitika. Uliza kitu alichokiona: "Kuna pikipiki iliyotoka upande huu asubuhi ya leo? Ilikuja mtu akiwa ameipanda au akiisukuma?" Na ukikutana na kijana wa bodaboda mwenyewe, kabla hajajibu tazama chini ya mdigadi wake wa mbele. Ukiona vumbi lililolowa tu au mchanga mwekundu uliorushwa rushwa, sawa. Ukiona ameung'oa mdigadi akaufunga nyuma kwa kamba, hapo huna haja ya kuuliza lolote. Pikipiki ina injini na imeshindwa, wewe una mapaja.

Mto Sabaki nao unahitaji maneno yake peke yake. Mto huu ni uleule Athi unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unaokutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha unatufikia sisi kwa jina la Sabaki. Maji yake basi hayafuati mvua ya Malindi. Unaweza kuamka hapa na anga safi, mchanga mkavu, na mto unakuja mwekundu umejaa hadi ukingoni kwa mvua iliyonyesha Ukambani siku zilizopita. Kwa hiyo anayepanga safari ya Jumamosi asikilize habari za mvua ya bara tangu katikati ya wiki, na atazame utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa sehemu za juu pia, siyo wa Pwani pekee. Mto ukiwa umejaa, vijia vyote vya bondeni vihesabuni vimefungwa, hata vile vinavyoonekana vikavu asubuhi. Kuvuka kwa miguu Sabaki ni marufuku katika kundi lolote tunaloliongoza, masika au kiangazi. Kuna mamba na kuna viboko, na maji yake ni mazito kwa udongo kiasi kwamba huoni hata goti lako. Daraja lipo, tumieni daraja.

Vile vijito vidogo vya msimu vinavyokatiza njia ya Marafa vina kanuni nyepesi. Maji yanayokwenda kasi yakipita goti, hamvuki. Yakiwa chini ya goti, mmoja atangulie bila baiskeli akipapasa kwa fimbo, kisha baiskeli zivushwe moja moja, kila mtu akiiweka baiskeli upande wake wa chini, maji yanakokwenda. Ukiiweka upande wako wa juu, mkondo utaisukuma ikuangushe na kukulalia. Kijito kikiwa kinapanda huku mkikitazama, jueni mvua bado iko juu huko, na kurudi kutakuwa kugumu kuliko kwenda.

Tuje kwenye kuamua. Kundi linaloanza kujadiliana likiwa tayari limekwama kwenye tope huamua vibaya, kwa sababu wamechoka, wana njaa, na kila mtu anaona aibu kuwa wa kwanza kusema turudi. Uamuzi upangwe mjini, siku moja kabla, na ufungwe na mahali na saa. Kwa mzunguko wa Marafa tunaweka vituo vitatu. Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha kwanza ni daraja la Sabaki: mnatazama mto, mnatazama wingu la bara, mnauliza bodaboda wanaotoka Magarini. Hapo kuacha njia ya bara hakugharimu chochote. Kituo cha pili ni pale udongo unapobadilika rangi baada ya vilima vya mchanga mwekundu, na hapo ndipo mnapofanya lile jaribio la uzi. Kituo cha tatu ni Marafa kwenyewe, na hicho ni cha saa: kama saa tano haijawakuta mmefika, mnarudi kwa njia mliyokuja nayo, maana mnaijua hali yake, na ule upande mwingine hamjauona.

Kwa nini saa tano? Kwetu jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Hesabu nyuma kutoka hapo. Kwenye murramu kavu kundi la kawaida linakwenda kilomita 15 kwa saa. Kwenye mchanga ulioshikana, 12. Kwenye mfinyanzi, mkisukuma na kusimama kukwangua tope, mkipata kilomita 4 kwa saa shukuruni. Maana yake kilomita 5 za tope zinakula saa nzima na robo, na mwili pamoja nazo. Mchepuko wa kilomita 20 wa lami, kwa mwendo wa 20, ni saa moja kamili, na mnafika na gia zenu. Wengi wanaogopa mchepuko kwa sababu ramani inaonyesha kilomita zimeongezeka. Hesabuni saa, kilomita ziacheni.

Ila hesabu hiyo lazima iingize upepo. Masika yanakuja pamoja na kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Ukitoka Malindi kwenda Mambrui na Gongoni, kusi linakusukuma mgongoni na unajiona una nguvu za ajabu. Ukirudi mchana, upepo umeongezeka na unaupokea usoni, na ile lami uliyoihesabia kilomita 20 kwa saa inakupa 14 au 15. Mchepuko wowote unaowarudisha kwa barabara kuu upande wa bahari uongezeeni theluthi ya muda. Endeni mstari mmoja, mtangulizi abadilishwe kila dakika 5, mbali na ukingo uliovunjika lakini ndani ya mstari wa njano, na kila mtu avae kitu cha kung'aa, maana malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni na mabasi ya Lamu yanapita hapo kwa kasi na mvua hupunguza kuona.

Mkikataliwa na udongo pale daraja la Sabaki, siku haijaharibika. Kuna ufuo. Kutoka Mambrui kuelekea Ngomeni kuna mchanga mpana ambao maji yakitoka unakuwa mgumu kama sakafu. Wavuvi watawaambia, na nyinyi wenyewe mnajua: siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kundi lililogeuka darajani mapema linafika Mambrui wakati maji yanashuka, ndiyo saa yenyewe. Pandeni mchanga saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na muwe mmetoka saa mbili baada yake. Kwa kuwa kusi linawasukuma wakati wa kwenda, kati ya saa hizo nne kwendeni saa moja na nusu tu, saa mbili na nusu ziwe za kurudi. Siku za maji mafu uacheni ufuo: maji hayatoki vya kutosha na mtabaki mnasukuma kwenye mchanga laini wa juu. Na hata siku nzuri, msipande juu ya alama ya maji makuu. Huko ndiko kasa wanakotaga, na tairi la baiskeli yenye mtu juu yake linashindilia mchanga juu ya mayai. Kutoka mjini Malindi msijaribu kufuata ufuo moja kwa moja hadi Mambrui, kwani mdomo wa Sabaki umekatiza hapo, na tumekwisha kusema kuhusu mamba.

Chaguo la pili ni kusini. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, una sehemu ya miti ya mirihi inayoota juu ya mchanga mweupe unaonyonya maji upesi. Baada ya mvua ya usiku, vijia vya sehemu hiyo ndivyo bora kuliko wakati wowote wa mwaka. Sehemu ya magharibi yenye mchanga mwekundu inatuamisha maji kwenye mabwawa ya msimu, na ndovu wanajua hilo kabla yenu. Ingieni kwa kituo cha msitu cha Gede, lipeni ada, na waulizeni walinzi ndovu walionekana wapi jana. Wakiwaambia msiende upande fulani, msiende. Kinyesi kibichi chenye unyevu ndani, matawi yaliyovunjwa ambayo majani yake hayajanyauka, hizo ni dalili za kugeuka hapohapo, polepole, bila kengele na bila kelele. Baiskeli haina mlio, na kumshtua ndovu kwenye kona ni jambo la hatari kubwa kuliko tope lote tulilolizungumzia.

Kuna kitu ambacho makundi mengi husahau: ukibadilisha njia, baiskeli nayo ibadilishwe. Anza na upepo wa tairi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana la inchi 2.3 lisilo na tyubu, kwenye murramu, atie psi (kipimo cha upepo) 21 mbele na 24 nyuma. Akiingia mchanga laini au ufuoni, ashushe hadi 16 na 18, tairi litanuke na kuelea. Akirudi kwenye lami dhidi ya kusi, apande hadi 30, la sivyo anavuta mzigo bure. Mwenye tyubu aongeze psi 5 kwenye kila kiwango, kwa sababu tyubu kwenye upepo mdogo hubanwa kati ya rimu na jiwe, ikatoboka matundu mawili sambamba. Matumbawe yanayojitokeza kwenye mchanga mweupe yanafanya hivyo kila siku. Maana yake pampu yenye kipimo ni chombo cha safari, usiiache nyumbani.

Pancha zetu nyingi ni za mbigiri na miiba ya migunga, na mvua inaisomba miiba hiyo na kuikusanya mahali maji yanapotuama kando ya kijia. Pita katikati. Ndani ya tairi lisilo na tyubu weka mililita 100 za dawa ya kuziba, na kwa joto letu ichungulie kila baada ya miezi miwili, maana hukauka ikabaki ngozi ngumu isiyoziba kitu. Beba hata hivyo tyubu 2, viraka, gundi, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 8 cha kuwekea ndani ubavu ukichanika kwenye tumbawe. Kabla ya kutia tyubu, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote ung'oe kila mwiba. Mwiba uliobakia utatoboa tyubu mpya kabla hujafika kilomita moja.

Sasa gia ya nyuma, ambayo ndiyo inayovunjika zaidi kwenye tope, na inafaa kujua ni kwa nini. Mkono wa gia umefungwa kwenye fremu kwa kipande kidogo cha aluminiamu, tukiite kishikio. Kimetengenezwa laini makusudi, kivunjike chenyewe fremu isipasuke. Tope na majani yakijaa kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya mkono, cheni inakwama. Mwendeshaji anasikia uzito, anadhani ni mlima, anakandamiza pedali kwa nguvu zaidi. Cheni inauvuta mkono nyuma na juu, kishikio kinakatika, na mkono unaingia kwenye spoki. Kitu cha sekunde moja. Ukisikia uzito wa ghafla kwenye tope, acha pedali. Shuka, inua nyuma, zungusha pedali kinyumenyume kwa mkono, toa uchafu kwa kijiti. Usitumie maji ya kunywa kuoshea.

Baiskeli nyingi zina kishikio cha umbo lao, cha jirani huenda kisikufae, kwa hiyo nunua cha aina yako ukifunge kwa utepe chini ya siti. Kama huna na kimekatika, utafika nyumbani kwa gia moja, ukiwa na kikata cheni na kiungo cha haraka kinacholingana na idadi ya gia zako. Toa mkono wote. Chagua sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya nyuma iliyonyooka sawasawa na ile ya mbele. Pima cheni, ikate, iunge, ibaki na ulegevu mdogo wa kama sentimita moja. Ukichagua sproketi iliyo upande, cheni itapanda yenyewe kwenye kubwa zaidi na kukaza mpaka ikatike. Mwenye baiskeli ya springi ya nyuma aifunge springi isicheze, aendeshe akiwa ameketi na ashuke kwenye mabonde, kwa sababu springi ikibonyea umbali kati ya pedali na gurudumu hubadilika na cheni haina tena mkono wa kuufidia.

Kupunguza tope kushika, pakeni mafuta kidogo ya kupikia kwa kitambaa upande wa chini wa fremu na ndani ya uma wa mbele kabla ya kuondoka. Kitambaa hicho kikae mbali kabisa na diski za breki: tone moja likifika pale, pedi zimekwisha kazi. Na pedi zenyewe, zile laini zinaweza kumalizwa na mchanga wenye maji katika safari moja. Ikiwa unene uliobaki haufiki milimita 1, badilisha kabla ya masika, kisha beba jozi moja.

Radi. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya 30, tokeni kwenye kilima na kwenye ukingo wa makorongo ya Marafa, msijibanze chini ya mbuyu au mnazi uliosimama peke yake, na msiendelee mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Ule ukingo wa Marafa msiukaribie hata bila radi baada ya mvua. Ni mchanga ulioshikana tu, mvua ndiyo iliyouchonga na bado inauchonga, na kipande kinachoonekana imara juu kinaweza kuwa kimelika chini.

Maji ya kunywa. Watu hupunguza chupa kwa kuwa kuna mawingu, na hilo ni kosa. Hewa ya baada ya mvua ina unyevu mwingi, jasho halikauki, mwili haupoi, kwa hiyo unatoa jasho zaidi. Hesabu mililita 500 hadi 750 kwa saa, na mchepuko wa saa moja uuongezee chupa yake. Madafu ni mazuri sana na yanapatikana njia nzima ya Mambrui, ila yana chumvi kidogo kuliko jasho letu. Changanyeni pakiti moja ya chumvi za kuongeza maji mwilini kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, au kuleni kitu cha chumvi pamoja na dafu. Chakula, kila saa mtu ale kitu kabla njaa haijamshika: tende 6 ndogo na ndizi moja zinatosha, na mahamri yanakaa vizuri mfukoni hata yakilowa. Mwenzenu akianza kuongea ovyo, au kuyumba, au ngozi ikawa ya moto na amechanganyikiwa, safari imekwisha kwake na kwenu. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na tafuteni gari.

Simu ikilowa kioo hakisikii kidole, na kwenye mvua ramani yako imekwenda nayo. Andika vituo vyako, kilomita na saa, kwenye karatasi, uifunike kwa selotepu juu ya fremu. Pakua ramani kabla, na simu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji pamoja na betri ya akiba. Taa beba hata kama unategemea kurudi saa tisa.

Kuna jambo la wenyeji pia, nalo tunalitilia mkazo. Vile vijia vya Magarini vinapita kando ya mihogo na mahindi ya watu. Njia ikiwa na tope, kila mmoja hupenda kuzunguka pembeni, na watu 15 wakizunguka pembeni, shamba limeliwa mita mbili. Mfereji unaoachwa na tairi kwenye mfinyanzi laini unakuwa njia ya maji mvua inayofuata, na mwaka ujao pale ni korongo na mama aliyekuwa akipita na maji kichwani hapiti tena. Kama kijia hakibebi baiskeli, kibebeni au kiacheni. Mkilazimika kukatiza shamba, pigeni hodi mwombe. Hajawahi kutunyima mtu njia tulipoomba kwa adabu.

Mkirudi, baiskeli ioshwe siku ileile kwa ndoo ya maji baridi na sifongo. Iliyopita ufuoni isilale na chumvi hata usiku mmoja, maana cheni itakuwa na kutu asubuhi. Msitumie ile mashine ya kuoshea magari. Maji yake ya nguvu yanapenya kwenye beringi yakiubeba mchanga ndani. Kausha cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, ngoja dakika 10, futa yaliyobakia nje. Mafuta yanayoachwa nje ya cheni hayana kazi ila kukusanya mchanga wa safari ijayo.

Na kabla hujalala, waandikie wenzako: kijia fulani, tarehe fulani, udongo ulikuwa hivi, maji ya kijito yalifika hapa, pikipiki zilikuwa zinapita au hazipiti. Mistari mitatu tu. Kundi litakaloondoka Jumapili linaihitaji kuliko picha zako za Marafa. Tutaanza na hili la kubadili kishikio cha gia, baiskeli tatu ziko hapo nje, kila mmoja atafanya kwa mikono yake. Ahsanteni sana.